Namna ya kupima na kuboresha mnyororo wa ugavi wa kiwanda: mfano wa kiwanda cha mafuta ya alizeti

Kila mwaka alizeti inapoanza kuvunwa katikati ya Tanzania, mnamo mwezi Mei, wenye viwanda vya kukamua mafuta huniuliza maswali yale yale. Ninunue programu gani ya kompyuta? Nipime mambo mangapi? Inakuwaje stoo imejaa na bado wateja wanalalamika kwamba oda zao hazifiki? Nimeona ni afadhali niyajibu yote kwa pamoja, tena kwa maandishi. Mwongozo huu umekusudiwa meneja, mhasibu au mtunza stoo wa kiwanda kidogo au cha kati ambaye hajawahi kupima mnyororo wake wa ugavi, yaani safari yote ya mali kutoka kwa wagavi hadi mikononi mwa mteja, na anataka kuanza wiki hii.

Mfano tutakaoutumia ni kiwanda kilichopo Singida, kinachokamua tani 10 za mbegu kwa siku na kuuza mafuta katika madumu ya lita 20. Kiwanda hicho nimekibuni na tarakimu zake ni za kufundishia, lakini mambo yanayokisumbua utayakuta Dodoma, Manyara na kwingineko alizeti inakolimwa. Wewe unayetengeneza sabuni, unga au samani utabadilisha majina ya vitu na kuziacha hesabu kama zilivyo.

Swali la programu nalijibu mapema: usinunue yoyote kwa sasa. Daftari lililopigwa mistari, au jedwali la Excel kama kompyuta ipo, vinatosha kwa miezi mitatu ya kwanza. Viwanda vingi havikwami kwa kukosa programu. Vinakwama kwa sababu tarehe mteja aliyoahidiwa haikuandikwa popote.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, tafuta oda zote za miezi mitatu iliyopita, hata zile zilizopokelewa kwa simu, pamoja na hati za kupelekea mali zenye sahihi ya mpokeaji. Pili, kusanya ankara na hati za kupokea mali kutoka kwa wagavi wako wa mbegu, madumu, vizibo na lebo. Tatu, uwe na mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo na bado una stika ya mwaka huu, pamoja na kipima unyevu cha mbegu. Kipima unyevu si anasa, na sababu yake utaiona katika hatua ya sita. Nne, na hili ndilo gumu kuliko mengine, pata idhini ya mwenye kiwanda kwamba kwa kipindi hiki hakuna mtu atakayeadhibiwa kwa kuandika ukweli. Mtunza stoo akijua kwamba tarakimu mbaya itakatwa kwenye mshahara wake, atakuletea tarakimu nzuri.

Hatua ya 1: Tembea na mali, kisha uchore njia yake

Chukua karatasi moja na ufuate mbegu kwa miguu yako, kuanzia kwenye mzani wa wakala kijijini hadi dukani kwa muuzaji wa jumla. Chora kila mahali mali inaposimama: ghala la wakala, foleni ya mzani, uwanja wa kuanikia, stoo ya mbegu, mashine, tangi la kutulizia mafuta, chumba cha kufungashia, stoo ya mafuta, lori. Kwa kila mahali andika mali hukaa siku ngapi na ni nani anayeamua iondoke.

Usiichore njia hii ofisini kwa kumbukumbu. Njia iliyomo kichwani mwa meneja mara nyingi haina tangi la kutulizia, wala ule muda ambao lori lililokwisha kupakiwa husubiri ankara.

Hatua ya 2: Kwa kila oda, andika tarehe nne

Tarehe ya kwanza ni ile oda ilipopokelewa. Ya pili ni tarehe uliyomwahidi mteja. Ya tatu ni siku mali ilipotoka getini. Ya nne ni siku mteja alipotia sahihi ya kupokea. Pembeni andika kiasi alichoagiza na kiasi alichopokea.

Tahadhari: tarehe ya ahadi haifutwi. Kosa ninalolikuta kila mahali ni karani wa mauzo kumpigia mteja simu, kumwomba asubiri hadi Ijumaa, kisha kufuta Jumatano na kuandika Ijumaa. Mali ikifika Ijumaa, kitabu kinasema imefika kwa wakati. Tarehe mpya iandikwe kwenye safu yake, na kipimo kifuate ahadi ya kwanza.

Hatua ya 3: Kokotoa oda zilizokamilika kwa wakati

Hiki ndicho kipimo kikuu. Kama una nafasi ya kipimo kimoja tu, chukua hiki. Hesabu oda zilizofika tarehe iliyoahidiwa au kabla yake, zikiwa na kiasi chote kilichoagizwa. Gawanya kwa oda zote zilizopaswa kufika mwezi huo, kisha zidisha kwa 100.

Tuseme kiwanda chetu kilipaswa kupeleka oda 40. Oda 34 zilifika kwa wakati, na oda 36 zilifika na kiasi kamili. Idara ya usafirishaji itakuja kikaoni na asilimia 85, stoo itakuja na asilimia 90, na kila mmoja ataondoka ameridhika. Lakini oda zilizotimiza masharti yote mawili ni 31 tu, yaani asilimia 77.5. Wateja tisa kati ya 40 hawakupata walichoahidiwa, na hao tisa hawajali ni idara gani iliyofanya vizuri.

Ukizoea, ongeza masharti mengine mawili: mali isiwe imevuja au kuharibika, na hati ziwe sahihi. Usishangae asilimia ikishuka. Mambo manne yasiyotegemeana, kila moja likitimia kwa asilimia 95, yakizidishwa kwa pamoja hutoa takriban asilimia 81.

Hatua ya 4: Pima muda wa kusubiri kutoka kwa wagavi

Kwa kila kitu unachonunua, hesabu siku kuanzia ulipoagiza hadi kilipopokelewa stoo na kukubaliwa. Tuangalie madumu matupu, ambayo kiwanda chetu huyaagiza Dar es Salaam. Mara kumi zilizopita yalichukua siku 6, 7, 7, 8, 9, 9, 10, 12, 14 na 18. Jumla ni 100, kwa hiyo wastani ni siku 10.

Hapa ndipo wanaoanza wanapoteleza. Wanaandika "siku 10" kwenye mpango wao na kusahau zile 14 na 18. Mashine haisimami kwa sababu ya wastani, husimama siku lile lori la siku 18 lilipokuwa bado njiani. Kwa hiyo andika daima tarakimu tatu: wastani, muda mfupi kabisa na muda mrefu kabisa. Mgavi wa siku 12 asiyebadilika mara nyingi ni bora kuliko mgavi wa wastani wa siku 10 anayeruka kutoka 6 hadi 18.

Hatua ya 5: Weka kiwango cha kuagiza

Kiwango cha kuagiza ni idadi ambayo stoo ikiifikia, oda mpya inatumwa siku hiyo hiyo bila kusubiri kikao. Njia rahisi ya kukipata ni hii:

Zidisha matumizi makubwa kabisa ya siku moja kwa muda mrefu kabisa wa kusubiri. Jibu ndilo kiwango cha kuagiza. Kisha toa matumizi ya wastani yaliyozidishwa kwa muda wa wastani. Kinachobaki ni akiba ya tahadhari.

Kiwanda chetu hutumia madumu 150 kwa siku, na siku ya pilikapilika 180. Kiwango cha kuagiza ni 180 mara 18, yaani madumu 3,240. Mahitaji ya kawaida ya kipindi cha kusubiri ni 150 mara 10, yaani 1,500. Hivyo akiba ya tahadhari ni madumu 1,740, ambayo ni zaidi ya nusu ya kiwango chote.

Aliyewahi kuhifadhi madumu matupu anajua kwamba hayana uzito ila yanameza nafasi. Sasa tuseme umezungumza na mgavi, ukamwonyesha orodha yako ya zile mara kumi, mkakubaliana kwamba hatazidisha siku 12. Kiwango cha kuagiza kinashuka hadi 180 mara 12, yaani 2,160. Umeokoa nafasi ya madumu 1,080, pamoja na fedha yake, bila kuomba punguzo la bei hata la shilingi moja. Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unamwonyesha mwenye kiwanda kwamba kuyumba kwa mgavi kuna gharama inayohesabika.

Tahadhari: njia hii ni ya ukarimu, nayo inafaa kwa vitu vya bei ndogo vinavyoweza kusimamisha kazi, kama vizibo na lebo. Kwa vitu vya bei kubwa itakufungia fedha nyingi. Kwa hivyo anza na kiwango hiki, kisha ukipunguze kidogo kidogo huku ukitazama kama upungufu unatokea.

Hatua ya 6: Hakikisha stoo na leja zinasema jambo moja

Usingoje kuhesabu mali mwisho wa mwaka. Chagua vitu kumi kila wiki, vihesabu, na ulinganishe na kadi ya stoo. Gawanya idadi ya vitu vilivyolingana kwa kumi. Ukipata vitu sita tu vilivyolingana, simama hapa kwa mwezi mzima kabla ya kuendelea, kwa maana kiwango cha kuagiza hakina faida kama leja inasema madumu 3,000 na sakafuni yapo 2,200.

Kwa mbegu kuna jambo la pekee, na linanigusa. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, mtunza stoo alisimamishwa kwa sababu tani nne na ushei za alizeti hazikuonekana. Mbegu ziliingia tani 100 zikiwa na unyevu wa asilimia 12, zikaanikwa hadi asilimia 8. Piga hesabu: katika tani 100 za mwanzo, kilicho kikavu ni tani 88. Tani 88 zikiwa ni asilimia 92 ya uzito mpya, uzito huo ni tani 95.65. Tani 4.35 zilikuwa maji, na maji yalikwenda na jua. Hakuna aliyeiba kitu, ila kiwanda kilikuwa kimelipia maji hayo kwa bei ya alizeti, na hakuna karatasi iliyoonyesha unyevu wakati wa kupokea.

Kwa hiyo andika uzito na unyevu kwa kila lori linaloingia, na tena mbegu zinapotoka kwenda mashineni. Pima uchafu pia: chukua kilo moja kutoka kwenye magunia kadhaa, pepeta, pima kilichobaki. Nunua kwa kilo, wala usinunue kwa gunia. Gunia la alizeti halina uzito mmoja, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ni kinyume cha sheria ya vipimo hata pale wote wanapoizoea.

Hatua ya 7: Hesabu siku ambazo fedha yako imefungwa

Chukua siku ambazo mbegu hukaa stoo, ongeza siku ambazo mafuta hukaa kabla ya kuuzwa, ongeza siku ambazo mteja hukaa na deni lako, kisha toa siku ambazo wewe hukaa na deni la mgavi. Katika kiwanda chetu mbegu hukaa siku 60, mafuta siku 8, wauzaji wa jumla hulipa baada ya siku 25, na mbegu hulipiwa taslimu, yaani siku 0. Jumla ni siku 93.

Tukichukulia bei ya mfano ya shilingi 900 kwa kilo, tani 10 za kila siku ni shilingi milioni 9. Kila siku unayoipunguza katika zile 93 inaachia takriban milioni 9 za mbegu peke yake, na siku tano ni milioni 45. Mahali rahisi pa kuanzia kwa kawaida ni deni la wauzaji wa jumla, kwa sababu sehemu ya siku hizo 25 si ya mteja. Ni siku ambazo ankara ilikaa mezani kwako kabla ya kutumwa. Mashudu, yaani mabaki ya mbegu baada ya kukamuliwa, nayo yasisahauliwe, kwani wanunuzi wa chakula cha mifugo, wakiwemo wa kutoka Kenya, huyatafuta wenyewe. Mashudu yanayosubiri mnunuzi wa bei ya juu zaidi huku kiwanda kikikopa benki ili kununua mbegu ni hesabu isiyokaa sawa.

Tahadhari: biashara ya alizeti ni ya msimu. Usilinganishe Juni na Februari. Linganisha Juni na Juni ya mwaka uliopita, la sivyo utajisifu kwa kupunguza akiba wakati ukweli ni kwamba mbegu zimeisha.

Hatua ya 8: Chagua sababu moja

Rudi kwenye oda tisa zilizoshindikana katika hatua ya tatu, na uandike sababu ya kila moja. Kwa kiwanda chetu: oda tano zilikosa madumu, mbili zilicheleweshwa na lori, moja ilikwama mashine ilipoharibika, na moja iliandikwa vibaya tangu mwanzo. Meneja wengi hukimbilia mashine, kwa kuwa kuharibika kwake kulikuwa na kelele na fundi alilipwa. Tarakimu zinasema uende kwenye madumu.

Kisha uliza "kwa nini" mara kadhaa, kama walivyozoea kufanya mafundi wa Toyota. Kwa nini madumu yaliisha? Yaliagizwa kwa kuchelewa. Kwa nini? Mtunza stoo huagiza anapoona lundo limepungua. Kwa nini anategemea macho? Kadi ya stoo haiaminiki. Kwa nini? Madumu yanayotoboka wakati wa kujaza hutupwa bila kuandikwa. Sasa una kazi ya kufanya: daftari dogo kwenye chumba cha kufungashia, na jina la atakayelijaza.

Hatua ya 9: Jaribu badiliko moja kwa wiki sita

Andika leo tarakimu uliyonayo, badiliko unalofanya, na tarakimu unayoitarajia. Kutana na wahusika kila Jumatatu kwa dakika 20, mkiwa mmesimama, mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Ajenda ni mbili: oda zipi zilishindikana wiki iliyopita, na kwa nini. Baada ya wiki sita amua kubaki na badiliko hilo au kuliacha, kisha ndipo uchukue sababu inayofuata. Ukibadilisha mgavi, dereva na fomu katika wiki moja, hutajua ni lipi lililosaidia.

Makosa yanayorudiwa mara nyingi

Kosa kubwa ni kumpa mtu mmoja kipimo kimoja na kumlipa kwa hicho. Ofisa ununuzi anayepewa bonasi kwa kupata bei ndogo ataleta lebo za mwaka mzima, na mwezi wa tatu utabadilisha anwani kwenye lebo. Dereva anayepimwa kwa safari kujaa atasubiri lori lijae huku oda za watu zikilala. Kila kipimo cha gharama kiwe na mwenzake wa huduma, na wahusika waonyeshwe vyote viwili.

Kosa jingine ni kupima mambo 20. Vipimo vinne au vitano vinatosha. Na usibadilishe kanuni ya kukokotoa katikati ya mwaka. Kama ni lazima, hesabu miezi iliyopita upya kwa kanuni mpya.

Mambo yakienda mrama

*Asilimia ya oda inapanda, malalamiko hayapungui.* Angalia kwanza kama karani ameanza kuahidi tarehe za mbali ili asikosee. Pima pia siku kati ya kupokea oda na tarehe iliyoahidiwa. Ikiwa zimeongezeka, umegundua ujanja. Angalia vilevile kama oda zilizoshindikana ni za mteja mmoja mkubwa.

*Tarakimu za mauzo na za stoo hazilingani.* Mara nyingi mauzo wanahesabu ankara na stoo wanahesabu hati za kutoa mali. Chagueni hati moja, nami napendekeza ile yenye sahihi ya mteja.

*Mgavi anakataa kutoa tarehe.* Usibishane naye. Mpe rekodi yake mwenyewe ya mara kumi na umwombe akueleze ile ya siku 18. Asipobadilika, tafuta mgavi wa pili na umpe theluthi ya oda, hata kama bei yake imezidi kidogo.

*Akiba imepungua, na oda zimeanza kushindikana.* Umepunguza akiba kabla ya kutuliza muda wa kusubiri. Rudisha kiwango cha zamani na urudi hatua ya nne.

*Mbegu huisha Januari kila mwaka.* Hapa hesabu ifanywe tarehe 1 Oktoba. Kwa siku 26 za kazi kwa mwezi, kuna siku 182 hadi mwisho wa Aprili, na kwa tani 10 kwa siku unahitaji tani 1,820. Ukiwa na tani 1,000, zitakwisha katika wiki ya mwisho ya Januari. Unaweza kushusha ukamuaji hadi tani 5.5 kwa siku na kufika Aprili kwa zamu moja, au kukamua kwa kasi ile ile na kutumia Februari hadi Aprili kufanya matengenezo makubwa. Vyovyote utakavyoamua, waandikie wauzaji wa jumla mwezi huo huo wa Oktoba, ukiwatajia madumu mangapi kila mmoja atapata kwa mwezi, ili wajue mapema ni kiasi gani watafute kwingine.